Mtani, Kipande Chako Kimeliwa

Mtani wangu, Mzee Kibwana,

Shikamoo. Nimekuamkia kwanza, tena kwa maandishi, kwa hiyo leo huna pa kulalamikia. Najua ungenijibu, "Marahaba, mpagazi," halafu ungeitazama miguu yangu kama vile nimetembea kutoka Tabora na pembe ya ndovu begani. Mimi Maganga, mzaliwa wa Kariakoo, ambaye Tabora naijua kwa dirisha la basi. Nimeenda mara mbili tu, na ya pili nililala njia nzima.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa kwenye kaunta ya Dada Nuru, kwenye zile karatasi zake za kufungia skonzi. Doa la samli utakaloliona pembeni ni lake, si langu. Na ukiona mwandiko umepinda, usinicheke. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mwandiko wangu ni wa mtu aliyemaliza. Wewe uliyemaliza, risiti zako zilikuwa zinasomwa na wewe peke yako.

Nianze na habari za mtaani, maana najua umbea ulikuwa unaupenda kuliko chakula. Pale chini ya ngazi, Mtaa wa Narung'ombe, ulipokuwa unatengenezea mizani, sasa yupo kijana anauza kandambili. Si mbaya, ila hana stori. Yule mama wa dagaa wa Tandamti, mizani yake imerudia uongo wake wa zamani. Wateja wanamwambia, anasema fundi wake amefariki, kama vile wewe ndiye uliyekuwa dhamiri yake. Wengi wamehamia kwenye zile mizani za betri ulizokuwa unazitukana. Juzi moja ililowa mvua, ikasoma kilo ya nyanya kuwa ni kilo arobaini. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanipisha. Nikageuka nikuambie, nikakuta nyuma yangu kuna mkokoteni wa vitunguu.

Ndiyo hivyo, Mtani. Nageuka sana siku hizi.

Kaunta yenyewe ipo vile vile. Ule ubao mrefu mmoja, stuli zake sita, uchochoro ule ule kati ya duka la vitenge na duka la simu, watu wanakula mabega yamebanana kama dagaa. Dada Nuru bado anachuna kambakochi kwa mkasi wa fundi nguo na bado anakataa kusema aliutoa wapi. Bado anawapata kwa bei ya chini kule Feri, wale walemavu wake, waliokatika miguu na masharubu, maana hoteli kubwa zinataka kambakochi mwenye masharubu yote mawili kama afande. Unakumbuka mteja mmoja alimuuliza mbona wake hawana sura? Akamjibu, "Kaka, umekuja kula au umekuja kuposa?"

Na skonzi ni zile zile. Anaipasua kwa juu, anaikandamiza kwenye chuma chenye samli mpaka mbavu zinakuwa kahawia, halafu anaijaza nyama ya kambakochi iliyochanganywa na tui zito, ndimu na kitunguu cha kukatakata. Natafuta maneno ya kukuelezea halafu nakumbuka unaijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyenileta.

Ile siku ya kwanza nilijifanya nimeshiba. Uongo. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, nimezungusha kava za simu Msimbazi nzima na jua lote la Bongo liko kichwani kwangu. Ila nilipomuona kambakochi mzima kwenye beseni la Dada Nuru, yale macho, ile miguu, yale magamba, nikasema mimi mdudu sili. Ukaweka skonzi yako chini taratibu. Ukawageukia wateja wote, hata usiowajua, ukasema, "Jamani, njooni muone. Mtu ambaye ukoo wake unakimbizana na kumbikumbi mvua ikinyesha, leo anamuogopa kambakochi." Kaunta nzima ilinicheka. Dada Nuru alishika ubao asianguke. Nikala kwa hasira. Nilipomaliza nikaagiza nyingine, ukasema, "Taratibu, mpagazi, safari bado ndefu."

Hapo ndipo utani wetu ulipoanza rasmi. Kabla ya hapo ulikuwa Mzaramo tu anayenitengenezea redio bila kujua redio.

Sasa nikukumbushe wizi wako, maana waliobaki wanakusifu sana na mimi sipendi marehemu asifiwe upande mmoja. Hujawahi, hata siku moja, kuniacha nimalize skonzi yangu. Kipande cha mwisho, kile cha ncha, ambako nyama yote imesukumwa na samli imetuama, ulikuwa unakisubiri kama paka. Nikigeuka kumsalimia mtu, kimeondoka. Nikipokea simu, kimeondoka. Ukiulizwa unasema, "Mtani hamalizi skonzi nzima, atavimbiwa." Nilijaribu kula kuanzia katikati. Nilijaribu kushika kwa mikono miwili kama mtoto anayenyang'anywa. Siku moja nikailamba ile ncha mbele yako, huku nakutazama machoni, nikaiweka mezani. Ukaichukua, ukaila, ukamwambia Dada Nuru leo chumvi imekolea vizuri.

Na mimi nilikuwa nakunywea kahawa yako yote, hilo nalo liandikwe. Tulikuwa sawa.

Halafu kile kichupa chako. Kichupa cha dawa ya kikohozi kilichojaa pilipili uliyoipika mwenyewe kwa ukwaju, unakibeba kwenye mfuko wa koti la kazi kama silaha. Unafika kaunta, unakitoa, unakitikisa, unadondoshea tone moja kwenye skonzi, unakirudisha. Hukumpa mtu. Mimi mwenyewe, mtani wako, ulinipa siku moja tu, tena ilikuwa siku kava zangu zote zilichukuliwa na mgambo. Hukunipa pole. Ulinidondoshea tone na kusema, "Kula, utapata kitu kingine cha kulilia." Kweli nikapata.

Sasa tuzungumzie msiba wako.

Kwanza nikupongeze. Umekufa usingizini. Nilipopata habari nilikaa kwenye ukingo wa barabara, nikalia kama mtoto, sitakuficha. Nilipomaliza nikanyanyuka, nikanawa uso kwenye bomba la msikitini, nikaja kwenu Ilala kufanya kazi yangu. Maana watani wengine wote walikuwa wamekaa chini ya turubai wanatazama simu. Nikasema haiwezekani. Kibwana azikwe kimya kimya kama mtu asiye na watani?

Nikaingia barazani. Koti lako la kazi lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nikalivaa. Mikono ilinipita, ukawa umenicheka hata hapo. Nikakohoa kile kikohozi chako cha kuanzia tumboni, nikatembea ule mwendo wako wa bata aliyekula mwaliko. Nikaanza kuwapima waombolezaji. Nilimsimamia yule jirani yako wa mashine ya kusaga, nikamtazama machozi, nikasema, "Haya hayafiki robo, ongeza." Nikamwendea mwingine analia sana, nikamwambia, "Wewe umezidisha, unamdai nini?" Halafu nikatangaza kwa sauti kwamba Mzaramo ni Mzaramo tu, maisha yake yote amelala, na hata siku ya kufa hakuona sababu ya kuamka.

Ungesikia kicheko, Mtani. Mpaka shehe aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Najivuna, ndiyo. Hakuna mtani aliyewahi kufanya vile Ilala yote, waulize.

Halafu nikatia mkono mfukoni, nikashika kichupa.

Kilikuwa kimejaa nusu. Kilikuwa na joto, sijui la jua au la koti. Nilisimama tu pale. Watu wakadhani ni sehemu ya utani, wakasubiri. Nikakiinua juu nikasema kitu cha kwanza kilichokuja: "Hiki nakichukua. Mkikitaka, mtakikomboa." Nikavua koti, nikaanza kutoka.

Si ndipo Rama, mpwa wako aliyekulia Arusha, akanikamata ukosi? Yeye utani anausikia redioni tu. Anasema, "Mwizi wewe, unaiba msibani?" Na neno hilo, Kariakoo na Ilala, ukilisikia nyuma yako unaanza kukimbia hata kama hujaiba. Miguu yangu ilikuwa tayari imeondoka, mwili tu ndio umeshikwa. Dada yako Bi Tatu ndiye aliyeniokoa. Alitokea mlango wa uani, kanga kichwani, akamwambia, "Rama, muachie huyo. Ni mtani. Ukimpiga, mjomba wako hatoki humu ndani leo." Rama akaniachia, akaniomba radhi, akaninyoosha na ukosi. Watu wakacheka upya.

Mmoja tu hakucheka. Mwaju.

Binti yako alikuwa amesimama nyuma ya Bi Tatu, amefumba mdomo, ananitazama mkononi. Akageuka, akarudi ndani. Mtani, nimezungusha kava za simu miaka mingi, najua uso wa mtu anayetaka na uso wa mtu asiyetaka. Ule sikuujua. Nikasema moyoni, nimeharibu. Yeye ni mwalimu, anafundisha watoto wa watu kule Kigamboni, amefiwa na baba, halafu muuza kava mmoja anavaa koti la baba yake na kutembea kama bata.

Nikaanza kusubiri mje mkomboe. Nilijua wapi mngenipata, kila mtu anajua. Saa ya mchana nipo kaunta, stuli ya pili kutoka ukutani. Stuli yako, ile ya kwanza, nikawa naweka kichupa juu ya ubao mbele yake, ili mtu wa kwenu akija asiulize. Sikukifungua. Mtani akichukua kitu cha msiba hakitumii mpaka kikombolewe, na mimi mambo ya utani sichezei, hata kama nakutukana.

Hakuja mtu. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Dada Nuru akaanza kunitania, "Maganga, huyo mchumba wako wa chupa anakula nini?" Mimi nacheka. Arobaini yako ikafika. Nikajipanga kabisa, nikanyoa, nikavaa shati la kola, nikakaa hapa tangu asubuhi. Nilisema leo watatuma mtu, leo ni siku yenyewe, hawawezi kusoma hitima huku kitu cha marehemu kiko kwa mtani. Jua likapita, Dada Nuru akafuta ubao, akafunika chuma chake. Hakuja mtu.

Sasa nikuambie kilichonikaa moyoni, maana wewe hutamwambia mtu. Sikuumia kwa ajili ya kichupa. Nilikuwa nawaza hivi: kitu cha msiba kisipokombolewa, maana yake waliobaki hawana habari na mtani. Maana yake utani ulikuwa wa yule mzee tu, umeondoka naye, na huyu kijana arudi Msimbazi akauze kava zake. Mimi ndugu hapa mjini sina, unajua. Nina wewe tu, mtu wa kunitukana kwa mapenzi. Bila huo utani kwenu mimi ni mpita njia.

Na skonzi zikaanza kunishinda. Usicheke. Nakula vizuri, mkono unakwenda, mdomo unakwenda, nikifika kwenye ile ncha nasimama. Nageuza shingo makusudi, nasalimia watu nisiowajua, "Mambo vipi, kaka?" Naangalia simu isiyolia. Nikirudi, kipande kipo. Kimekaa kwenye karatasi kinanitazama. Miaka yote nimekulilia uniachie, umeniachia, na hakipiti kooni. Paka wa duka la vitenge amenenepa, hiyo ndiyo faida ya kifo chako.

Ikawa hivyo mpaka juzi Ijumaa.

Mchana, watu wamejaa, nimekaa na skonzi yangu imebaki ncha. Mwanamke akaja na mkoba wa madaftari begani, jasho la foleni ya kivuko cha Magogoni liko usoni, akasimama nyuma ya stuli yako. Akasema, "Dada Nuru, nitengenezee ile ya baba." Nilijua sauti kabla ya kugeuka. Mtani, nilitazama ubao.

Mwaju akakaa. Akakitazama kichupa. Akakigeuza, akatazama mfuniko, akaona bado ni nusu vile vile. Nikajikaza nikasema, "Pole sana, mwalimu. Siku ile kama nilikukosea..."

Akanikatiza. "Wewe ulikuwa wapi siku ya arobaini?"

Nikamwambia nilikuwa hapa. Nawasubiri mje mkomboe.

Akanishangaa. Akasema, "Sisi tuje? Mtani ndiye anayekuja. Anakuja na kitu chake, anazuia mlango, anapiga kelele mpaka akombolewe. Tulikuwekea sinia la ubwabwa. Shangazi Tatu alikaa mlangoni mchana kutwa, kila pikipiki ikisimama anasema huyo, huyo anakuja na fujo zake. Hukuja. Tukasema mtani amesusa kwa sababu Rama alimkunja. Rama mwenyewe amekosa raha, ananipigia kila wiki kutoka Arusha, anasema kaniombee radhi tena."

Basi mimi nimekaa huku na kichupa nimenyoa ndevu, nyinyi mmekaa kule na sinia. Kila mmoja anaona mwenzake amemkasirikia. Wewe ndiye uliyepaswa kuniambia, Mtani. Ulinifundisha kula kambakochi, ulinifundisha kusoma mizani, ulinifundisha matusi ya Kizaramo mpaka ya kutukania nazi, ukasahau kunifundisha namna ya kukuzika.

Nikamuuliza, "Na ile siku, mbona ulirudi ndani?"

Akasema, "Nilienda kuchekea chumbani. Mimi ndiye mfiwa, ningechekaje mbele za watu? Ule mwendo wa bata, Maganga. Nilijifunika mto."

Nikamgeukia Dada Nuru nimwambie, unasikia haya? Dada Nuru alikuwa anatazama nyuma ya mkono wangu, ametoa macho. Niliporudisha kichwa, karatasi yangu ilikuwa tupu.

Mwaju alikuwa anatafuna. Alitafuna taratibu, kwa adabu za kiualimu, akameza, akajifuta vidole kimoja kimoja. Akakichukua kichupa, akakitia kwenye mkoba. Akasema, "Nimekomboa. Na uketi sawasawa, mpagazi, unabana watu."

Kaunta ililipuka. Dada Nuru alipiga mkasi kwenye chuma. Mimi nilijifanya nimekasirika, nikadai kahawa yake, nikainywa yote mpaka mashapo. Ilikuwa ya moto na haikuwa na sukari, na sijawahi kunywa kahawa tamu vile.

Kabla hajaondoka alikifungua. Akadondoshea skonzi yake tone moja, na tone moja kwenye ubao mbele yangu, maana skonzi yangu alishaila. Nikalichovya kwa kidole. Akasema ukwaju alikuwa anatumwa yeye, sufuria anaosha yeye, pilipili alikuwa anasaga yeye, wewe ulikuwa unakoroga mara moja halafu unatoka kujisifu. Yaani kumbe. Miaka yote umetuvimbia hapa kwa mkono wa binti yako. Usijali, nimeshatangaza Narung'ombe nzima, mpaka muuza kandambili anajua.

Basi, Mtani, niishie hapa, Dada Nuru anazitaka karatasi zake na kuna mtu anataka stuli. Nitafuata sinia letu la ubwabwa kwenu Jumapili ijayo, yaani nitakuja kulidai, kwa kelele, mlangoni, kama ilivyotakiwa. Bi Tatu ameshaambiwa. Rama anapanda basi aje aone utani unavyofanywa.

Ahadi yangu ni hii. Mwaju atakuwa anapita hapa kila Ijumaa akitoka kazini, na kila Ijumaa nitalinda ile ncha kwa nguvu zangu zote, nitaishika kwa mikono miwili, nitailamba ikibidi. Na atakapokuja nitageuka kumsalimia mtu.

Pumzika, mla nazi. Mungu akupe mahali penye kivuli na baridi ya kutosha, ulale unavyopenda, asikuamshe mtu. Na siku nikifika huko usijifanye hunijui. Nitakuja na njaa ya safari, nitakaa stuli ya pili.

Mpagazi wako,
Maganga